Plasta Mgongoni

Mimi ni mrefu, na urefu huo ulinitesa tangu utotoni. Kwetu Marangu nilifundishwa kuinamisha kichwa nikimwamkia mkubwa, na ilinibidi niiname kuliko dada zangu nisije nikaonekana nina kiburi. Nikakua hivyo, shingo mbele, mabega yamejikunja. Ukali nilikuwa nao tele, lakini kwa wenzangu tu. Mbele ya wakubwa niliufyata.

Tabia hiyo nikaingia nayo chumba cha upasuaji nilipokuwa najifunza kazi katika hospitali moja mjini Moshi, miaka ya tisini, enzi ambazo mgonjwa alikuja na glovu na nyuzi zake mwenyewe. Daktari bingwa aliyenifundisha alikuwa mzee mfupi, mwenye mkono mwepesi ajabu. Meza iliwekwa kwa kimo chake. Hakuna aliyeamuru, mwanafunzi alijipanga kwa mkubwa, basi. Nikainama kwa saa tatu, saa nne mfululizo, mwaka mzima. Shingo ikaanza kuwaka moto, kisha vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa vinakufa ganzi. Nikaficha. Mpasuaji asiyeusikia uzi vidoleni hafai, na mimi sikutaka kazi nyingine yoyote duniani.

Aliyenigundua ni muuguzi mkuu wa chumba kile, mama wa makamo aliyewakatia ng'ombe wake majani kila alfajiri kabla ya kuja kazini. Alinikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikikung'uta mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Aisee! Na umenyamaza tu? Geuka."

Akanisimamisha wima, akanibandika mapande mawili marefu ya plasta kutoka chini ya shingo hadi katikati ya mgongo.

"Ukiinama itakuvuta ngozi. Ikikuvuta, nyooka. Mimi nabeba mzigo wa majani kichwani mpaka leo, na shingo yangu hii hapa. Wewe unabeba nini? Mkasi!"

Nilicheka, na nilikasirika. Nilijiona kama tairi la baiskeli lililotiwa kiraka.

Wiki nzima alinibandika mpya kila asubuhi. Nainama, inavuta, nanyooka. Sikuwa najua kwamba nainama mara nyingi namna ile. Lakini nikinyooka, mikono haifiki vizuri kwenye kazi, basi narudi chini tena na plasta inanivuta tena. Ikabidi nikubali kwamba meza haitapanda mpaka nifungue mdomo, na hilo lilinitisha kuliko maumivu.

Ijumaa, tukiwa katikati ya kunyoosha utumbo uliojisokota, ganzi ikapanda hadi kiganjani. Muuguzi alikuwa kando ya kanyagio la kupandishia meza, ananitazama juu ya barakoa yake.

"Mzee, samahani," nikasema. "Siwezi kuendelea hivi. Vidole vimekufa ganzi. Naomba meza ipande."

Nikajua nimejimaliza, kesho nitaambiwa nikatafute fani nyingine.

Mzee akaupokea mkasi mkononi mwangu. "Pumzisha mkono," akasema. Kisha, bila kuinua macho: "Sista, pandisha meza. Mimi niletee kijukwaa."

Akapanda, mtu wa umri wa baba yangu, akamaliza kazi akiwa juu ya kile kijukwaa.

"Nilidhani ni adabu tu," akaniambia baadaye tukinawa. "Kumbe unaumia. Ungesema, binti yangu."

Tangu Jumatatu iliyofuata kijukwaa kilikuwa upande wake kabla sijaingia. Vidole vilichukua miezi kurudi. Siku nilipokaza fundo nikausikia uzi kwa vidole vyote, nilitazama mbele yangu nikamwona mzee juu ya kijukwaa, akihamisha uzito mguu hadi mguu kwa kuchoka, miguu imemvimba ndani ya viatu. Nikasema asante.

"Asante ya nini?" akauliza. "Shona."