Nilisaini Rambirambi, Nikapewa Deni la Marehemu

Admin, nifichie jina, ingawa wanaolitumia bila idhini yangu wameshakuwa wengi.

Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa kahawa huku Maguu, Mbinga. Shule niliishia la saba, mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Tangu soko huria liingie tumeona wanunuzi wa kila aina, na wabaya kuliko wote ni wa magoma, wale wanaokuja wakati wa njaa kununua kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kumliza mtu mzima. Miaka mitatu nimewauzia. Mwaka huu nikasema basi, nikashuka Mbinga mjini kuomba benki mkopo wa mashine ya kumenya kahawa na hela ya kutuvusha mpaka mavuno.

Dada wa benki aliniamkia vizuri, akabofya kompyuta yake, kisha akanitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. "Baba, una mkopo chechefu."

"Mwanangu, mimi sijawahi kukopa hata kiberiti."

"Taarifa zako ndizo zinasema. Milioni nne na laki mbili, na umeacha kulipa muda mrefu."

Akanichapia ile karatasi. Jina langu, namba yangu ya NIDA, na kazi yangu: mfanyabiashara wa dagaa, Liuli. Mimi dagaa tunakutana kwenye sahani tu.

Aliyekuwa anauza dagaa Liuli ni baba yangu mdogo. Alifariki mwaka juzi. Siku ya kumaliza msiba, kwa desturi ya ukoo wetu, nilisimamishwa nirithi jina lake na ulezi wa watoto wake watatu. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wetu, alinivika koti la marehemu akatangaza: "Msilie tena. Hajafa, huyu hapa! Aliyekuwa anamdai amfuate huyu, na aliyekuwa anadaiwa naye amlipe huyu." Vigelegele vikapigwa. Ni maneno ya kuwafariji wafiwa, tumeyasikia tangu utoto, na hakuna aliyewahi kuyapeleka ofisini. Isipokuwa afisa mikopo mmoja mwenye kitambi, kutoka kampuni iliyokuwa imemkopesha marehemu, aliyekaa mstari wa mbele akila wali wetu.

Baada ya kushiba alinifuata na bahasha. "Pole sana mzee. Ofisi imetoa rambirambi, elfu hamsini. Naomba namba ya NIDA na saini hapa, utaratibu tu." Nikasaini. Nikamshukuru. Mjinga mimi, nikaagiza aongezewe nyama. Kumbe wamenipa elfu hamsini za pole, na kwa saini hiyohiyo wamenibebesha milioni nne.

Mama mdogo, yaani mjane, alipoisoma karatasi yangu alinitolea kadi ya mkopo wa mumewe. Kila rejesho lilikatwa hela ya bima, na imeandikwa wazi: mkopaji akifa, bima inalipa deni. Nikaenda kwa yule afisa nikamwuliza bima iko wapi. Alitabasamu, ndugu zangu.

"Mzee, bima inalipa mkopaji akifariki. Mkopaji kwenye mfumo ni wewe, na wewe ni mzima, tunamshukuru Mungu."

Karani wa palepale ndiye aliyeninong'oneza: yule afisa alichelewa kupeleka madai ya bima, akaona heri deni alihamishie kwa mtu mwenye pumzi.

Nikajaza fomu ya malalamiko kwa wale wanaotunza taarifa za mikopo huko Dar. Nikaambatanisha kila kitu. Nikasubiri wiki nne. Jibu likaja kwa lugha ya heshima kabisa: "Tumewasiliana na mkopeshaji, naye amethibitisha kuwa taarifa ni sahihi." Yaani walimpigia fisi simu kumwuliza mbuzi wanaendeleaje. Amesema hawajambo.

Nikapanda kwa meneja wa ile kampuni ya mikopo. Huyu angalau alinisikiliza. Akasema atalifuta jina langu kwenye mfumo na kupeleka madai bima, ila nilete cheti cha kifo, ambacho kipo, na muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye saini ya shangazi, kwamba mimi si mrithi wa marehemu.

Nilimkuta shangazi anaanika mahindi, habari zikiwa zimeshanitangulia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kumfukuza mdogo wangu kwenye ukoo?"

"Shangazi, ni karatasi tu ya ofisini."

"Hata hiyo ya rambirambi ilikuwa karatasi tu." Hapo alinipata. "Jina halirudishwi kama debe la kuazima. Ukiliacha, wale watoto unawafanya yatima mara ya pili. Na mimi nikifa, usikanyage msiba wangu."

Nikateremka Liuli kwa mama mdogo, nikitegemea naye atanizuia. Alisukuma pembeni beseni la dagaa aliokuwa anasafisha. Kisha akasema, "Mwanangu, waandikie. Ninyi mlipiga vigelegele kwamba hajafa. Mimi ndiye ninayelala peke yangu, najua amekufa." Lakini kitindamimba wake, wa miaka minne, alikuwa amekaa pembeni yangu, na huyo mimi ndiye baba pekee anayemkumbuka.

Jumapili hii baada ya misa ukoo unakaa. Nikisema mimi si mrithi, bima inalipa, jina langu linasafishika, na shangazi ananizika nikiwa hai. Nikinyamaza, yule mwenye kitambi ameshinda, na mimi nabaki mdaiwa sugu wa dagaa nisiowahi kuuza. Ninyi wenye shangazi kama wangu, na ninyi mnaozijua ofisi hizi kwa ndani, niambieni: Jumapili nikisimama pale, nitamke nini?