Fundi Aliyeandika Lutuba

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya uji, nikitafuta mwanya wa kuruka watu wanne bila kiranja kuniona, wakati kijana mmoja wa kidato cha pili anayetoka Misikhu aliponigusa bega. "Yule fundi wa ramani ameenda," akasema. Nikamuuliza ameenda wapi. Akaniangalia vile mtu huangalia mbuzi aliyeingia kanisani. "Ameenda, bana. Amekufa. Ati ni mapafu." Sikuruka mtu tena. Nilipofika mbele uji ulikuwa umekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na shule hii nilirudisha kikombe kikavu bila kumcheka mpishi. Ninyi wasomaji wa gazeti hili la ukutani, mnaosoma safu hii mkiwa mmesimama, mguu mmoja tayari kukimbia kengele ikilia, mnanijua. Kazi yangu hapa ni kucheka watu. Nimewacheka wapishi, nimewacheka viranja, nimeicheka hata timu yetu ya voliboli, ambayo kuicheka ni dhambi kama kumcheka mgonjwa. Leo pia nitacheka watu. Subirini tu mjue ni nani.

Marehemu alikuwa mpangaji mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu mfupi aliyefunga shati mpaka kifungo cha shingo hata jua likiwaka. Alizaliwa Misikhu, na ulimi wake ulikuwa umeamua mapema kwamba L na R ni mapacha, ukimwita mmoja atakuja yeyote. Sisi vijana wa ploti tulimtegea kama watu wanaotega kwale. "Fundi, sasa! Hebu sema reli ya lori." Naye kwa upole wake wote, "Reo mmekosa kazi? Leri ya rori." Tunaanguka chini. Kila siku, sentensi ile ile, kicheko kile kile. Kukhu wangu, yaani bibi mzaa mama, anayelima Endebess, anazungumza vivyo hivyo kabisa. Lakini kukhu ana mwiko wa ugali na mkono mrefu, kwa hivyo lafudhi yake haijawahi kutuchekesha.

Miaka miwili iliyopita chama cha wakulima kule Endebess kilitaka ramani ya mashamba ya wanachama. Si kwamba viongozi walikuwa na haja nayo. Wageni wa kutoka Nairobi walikuwa wanakuja, na kiongozi wa kwetu akisikia mgeni anakuja hupaka chokaa mawe, hufyeka nyasi na hutafuta kitu chenye waya cha kuonyesha. Fundi akapewa kazi hiyo kwa majaribio: ramani ikiwapendeza wageni ataajiriwa moja kwa moja, isipowapendeza ashike njia. Alikuwa na mke na watoto wawili Misikhu, na tangu amalize chuo hakuwa amepata kazi yenye kiti. Alituambia sisi wote, hata wale waliokuwa wakimcheka, "Hii ikishika, nitaleta famiria hapa Kitare."

Sasa, mchoraji wa kawaida angechukua rula. Fundi aliandika programu. Programu ilisoma orodha ya mashamba, pembe zake na vipimo vyake, kisha ikatoa faili ambayo ndani yake hakuna picha hata moja, ni maneno tu: umbo hili lianze hapa, lipinde pale, lifunge. Kompyuta ikisoma maneno hayo ndipo inachora. Na kila umbo lina sifa zake, yaani maneno ya kulieleza, kama unene wa mstari. Hizo sifa kompyuta inazijua. Lakini Fundi aliagiza programu iongeze kwenye kila shamba sifa moja ya kwake mwenyewe, ambayo hakuna kompyuta duniani ilikuwa imewahi kuisikia: udongo wa pale umepimwa ukaonekana una nguvu kiasi gani. Moja ni mzuri, mbili ni wa wastani, tatu ni mchachu unaotaka chokaa. Kisha kijiprogramu kingine, kwenye faili yake tofauti, kilipita kwenye ramani, kikasoma sifa hiyo kwa kila shamba na kulitia rangi: kijani, manjano, nyekundu. Najua haya kwa sababu likizo ya Agosti kukhu alinituma ofisi ya chama nikaangalie kama shamba lake limeingizwa. Lilikuwa limeingizwa. Namba arobaini na moja, jekundu kama nyanya.

"Na kompyuta haikatai neno isilolijua?" nikamuuliza.

"Haikatai. Hairijui, rakini hairitupi. Inaribeba tu kimya kimya, mpaka aje mtu wa kuriuriza." Akanionyesha mahali alipoliandika, na hapo ndipo nilipouma ulimi nisicheke. Aliliita neno lake *lutuba*. Kwa L. Limekaa pale kwenye skrini, bila aibu.

"Fundi, si ni rutuba?"

"Mashine haina shida na L yangu," akasema. "Mladi niandike hivyo hivyo kira mahari."

Kila mahari! Nikamuuliza kama kwao Misikhu mahari hulipwa kwa kompyuta siku hizi. Akacheka pamoja nami, maana alikuwa mtu wa kucheka, kisha akatoka kwenda kutafuta petroli ya jenereta. Akaniacha na mashine. Wasomaji wangu, mtu mwenye akili hawezi kuacha ndizi na nyani chumba kimoja. Mimi niliyepata alama za juu katika insha, mimi niliyesomewa mbele ya darasa, ningeachaje Kiswahili kikifa mbele ya macho yangu? Nikafungua ile programu inayoandika maumbo, nikatafuta lutuba, nikaiona mara tatu, na mara zote tatu nikaweka R. Nikahifadhi. Nikajisikia kama daktari. Ile faili nyingine, ya kutia rangi, sikujua hata iko wapi.

Kesho yake, asubuhi ya wageni, programu ilichora ramani upya kutoka kwenye orodha, kama ilivyofanya kila siku. Hema limejaa, kukhu yuko safu ya pili na leso yake ya kanisani, projekta ya kuazima inaelekezwa kwenye ukuta uliopakwa jana. Fundi akabonyeza. Mashamba yakatokea yote, kila pembe mahali pake, na yote ni meusi tititi, kama masufuria ya jikoni kwetu. Kijiprogramu cha rangi kilikuwa kimepita shamba kwa shamba kikiuliza, "Una lutuba?" Na kila shamba lilikuwa na rutuba tu. Umbo lisilopewa rangi kompyuta hulipaka nyeusi.

Nilijua. Zilikuwa zile R zangu tatu. Lakini kabla sijafanya lolote mwenyekiti wa chama alishika kipaza sauti, akainyooshea ramani fimbo, akasema kwa ile sauti yake kali kama mashine ya kulehemu, "Kama mnavyoona waheshimiwa wageni, udongo wetu ni mweusi, wenye rutuba, kuanzia huku mpaka mlimani!" Watu wakapiga makofi. Naapa, walipiga makofi. Karani akapiga, mweka hazina akapiga, walipigia giza makofi na wengine wakainuka. Hiyo ndiyo elimu yetu. Laiti mambo yangeishia hapo, Fundi angeajiriwa na chama kingekuwa na ramani nyeusi ukutani mpaka leo. Lakini mgeni mmoja, mama wa miwani, akauliza kwa upole, "Na yale yanayohitaji chokaa ni yapi?"

Fundi akasimama, jasho limelowesha kola. "Mheshimiwa, mnipe dakika tano. Kuna kitu kimeguswa." Mwenyekiti, ambaye dakika moja nyuma alikuwa akilisifu giza lile lile, akamgeukia. "Kimeguswa na nani? Wewe si ndiye fundi?" Fundi akaangalia hema. Aliniangalia mimi, nadhani, ingawa labda alikuwa akiangalia mlango. Nami nilikuwa na dakika tano mfukoni mwangu, bure kabisa, za kumpa. Ningesema maneno manne: mimi ndiye niliyebadilisha herufi. Nikaangalia viatu. "Nimeona neno liliroandikwa," akaanza Fundi, na mwenyekiti akamkata, akawageukia watu, akatabasamu. "Jamani, mtu anayeshindwa na R, atawezana na rutuba?" Hema likapasuka kwa kicheko. Walicheka Wabukusu wenzake ambao nyumbani wanasema lutuba. Alicheka karani ambaye anaandika risiti ya "mbolea" kama "mborea". Na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka kukhu akageuka kuangalia, ni mimi, kwa sababu kicheko kikubwa ni mahali pazuri pa kujificha.

Alifukuzwa siku ile ile. Akahama Tuwan, akarudi Misikhu kutengeneza redio na simu sokoni, kwenye meza moja chini ya mwavuli. Kila Alhamisi alikuja Kitale kutafuta vipuri, na nikiwa likizo tukikutana ananisalimu kwa neno jipya. "Niaje, mwarimu?" Nikamuuliza mara moja kwa nini ananiita mwalimu. "Si wewe ndiye mwarimu," akasema, akacheka, akaenda zake. Nikaona ni mzaha wa mtu aliyeishiwa mizaha. Miaka miwili ya Alhamisi, mwarimu, mwarimu, na mimi sikushtuka. Mwerevu kama mimi.

Jumamosi nilipata ruhusa nikaenda mazishini. Mnajua mazishi yetu: mtu akiwa hai hapewi dakika tano, akifa anapewa saa sita. Mwenyekiti alikuwepo, mbele, kwenye kiti chenye mto. Akasimama akamwaga sifa. Ati marehemu alikuwa mtu wa maono. Ati walifanya kazi bega kwa bega. Ati chama hakitamsahau. Nikawa nakumbuka maelezo ya Fundi kuhusu sifa, kwamba unaweza kukibandikia kitu neno lolote ulitakalo na mashine haitabisha, italibeba tu. Maiti naye habishi. Lakini sifa ya Fundi iliwekwa ili siku moja mtu aiulize ipi ni kweli, shamba gani linaumwa. Za mwenyekiti ziliwekwa ili asiulizwe mtu. Nanyi waheshimiwa mliovaa miwani ya jua mbele ya kaburi, vueni, si hakuna jua.

Walipoanza kugawa chai, mjane wake alipita kwenye viti akiuliza, "Mwarimu wa Kitare ni nani?" Mwalimu wa kweli mmoja akainuka, mama akamkatalia kwa kichwa. "Kijana wa Tuwan," akasema mama, "yule wa kukhu wa Endebess." Nikainua mkono. Akaniwekea kiganjani flashi iliyofungwa kwa karatasi ya daftari. "Arisema hii ni yako." Akanishika mkono muda kidogo. "Kumbe mwarimu mwenyewe ni mtoto," akasema, na sikusikia lawama ndani yake. Ningeisikia ningeshukuru.

Jumatatu niliifungua katika maabara yetu ya kompyuta. Ramani ikatokea, kijani na manjano na nyekundu, nzuri kiasi kwamba kiranja wa maabara aliacha kunifukuza. Nikaifungua kwa upande wa maneno, nikashuka mpaka shamba la kukhu. Lilikuwa na *lutuba* ya tatu kama zamani, na pembeni yake sifa nyingine ambayo mashamba mengine hayakuwa nayo: *mwarimu*, na thamani yake, "mjukuu wa hapa, arisahihisha". Aliliona lile kosa, akajua ni la nani, akaliandika mahali ambapo picha haionyeshi, kisha akakaa na jina langu miaka miwili bila kulitaja, wala kwa mwenyekiti, wala kwa kukhu. Halafu nikafungua ile faili ya kutia rangi, ambayo sikuwahi kuiona. Alikuwa ameibadilisha. Sasa ilitafuta kwanza lutuba, na ikikosa lutuba ilitafuta rutuba, na yoyote itakayopata inatia rangi. Juu yake ameacha maelezo ya mstari mmoja: "Wengine watakuja na R. Wasifukuzwe."

Basi niliyeahidi kumcheka mmeshamjua. Huyo ndiye msomi wetu wa kisasa: anakuta kitu kinachofanya kazi, anakitia usahihi nusu, kinavunjika, kisha anacheka pamoja na wenye viti. Neno lililokosewa sawasawa kila mahali linaeleweka, hata na mashine. Linaloua ramani ni usahihi ulioishia katikati kwa sababu mwenye kusahihisha alitaka kuonekana zaidi ya alivyotaka kuelewa. Jumapili ijayo naenda Endebess kumweleza kukhu, na mwiko wake nimeuzingatia.

Na wewe mwalimu mlezi wa gazeti hili, najua kalamu yako nyekundu itapita hapa kabla ya wasomaji. Ikifika kwenye lile neno la Fundi, liache na L yake. Ukishindwa kabisa kujizuia, basi lisahihishe kila mahari.