Nilivyomlaumu Spesioza kwa Minyoo ya Kuku Wangu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyomfukuza mwanamke wa watu shambani kwangu kwa ajili ya kuku. Nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe hapa kijijini Keza. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejaa kambi ya Lukole, na barabara haikutulia: malori, watu wenye vifurushi vichwani, kila asubuhi habari mpya ya kutisha. Nami sikutulia. Nikishika jembe nasikia gari, naliacha, nakimbilia njiani kuangalia nani amekuja.

Mama mkwe wangu alikuwa amenikabidhi kuku tisa na jogoo. Nilikuwa nawafungulia asubuhi, nawafungia jioni, basi. Banda sikulifagia.

Spesioza alikuwa mkimbizi, mama mtu mzima, mpole. Alikuwa akija kunilimia, nami nikimpa ndizi na maharage. Mchana alikuwa akikaa karibu na banda akipumzika, akiwatazama kuku. Siku moja akaniambia, "Mama, kuku hawa hawako sawa. Waangalie."

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Nilijiuliza, kwa nini anawatazama hivyo? Wiki haikuisha, kuku wawili wakafa. Siku ya tatu baada ya hapo nikamkuta wa tatu amelala miguu juu, nikatoka mbio hadi shambani.

"Umeniletea nini hapa kwangu?" nilipiga kelele, majirani wote wakasikia. "Tangu umekuja na macho yako, kuku wanakufa! Rudi kambini kwenu!"

Aliweka jembe langu chini taratibu, akaondoka bila hata chakula chake cha siku ile. Najua utanishangaa. Hata mimi bado najishangaa.

Haikupita saa moja, mama mkwe akaingia uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yule mwanamke niliyekutana naye njiani analia, amefiwa?"

Nikamweleza, tena kwa kujisifu kidogo. Aliomba kisu, akamlaza yule kuku aliyekufa juu ya jani la mgomba, akampasua utumbo mbele yangu. Minyoo! Myeupe, mirefu, imejisokota hadi utumbo umejaa.

"Huyu hapa mchawi wako," alisema. "Sasa kamata mmoja aliye hai."

Nikamkamata. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Mama mkwe akaupitisha mkono wangu kifuani pa kuku, mfupa ukanichoma kama makali ya panga. Akanionyesha kilemba cha kichwani kilivyopauka, mabawa yalivyolegea, mharo ulioganda nyuma. Akafunua manyoya chini ya bawa, chawa wakakimbia huku na huko.

"Hayo yote hayakuanza jana, mkamwana. Mgeni ameyaona, wewe mwenye kuku hukuyaona. Macho yako yapo barabarani."

Tulikwenda kwa bwana mifugo, akatupatia dawa ya minyoo ya kuchanganya kwenye maji. Tuliwanyima kuku maji tangu alfajiri, ili dawa ikija wainywe yote. Nilifagia banda, nikafukia kinyesi mbali, nikamwaga majivu makavu mahali wanapojigaragaza. Baada ya wiki tatu tukarudia dawa, kama tulivyoelekezwa, na mayai ya siku zile hatukuyala. Vilemba vikaanza kuwa vyekundu.

Lakini moyo wangu ulikataa kutulia. Nilikwenda Lukole mara mbili nikamkosa. Mahema yalikuwa mengi, na kila niliyemuuliza alinitajia Spesioza mwingine. Mara ya tatu nikamkuta anachambua maharage. Nilipiga magoti, nikamwambia nilimkosea, nikamwekea mbele yake mtetea mzima mwenye afya.

Alimshika kifuani, akamfunua bawa, akamwangalia kilemba.

"Wale wengine wamepona?"

"Wamepona."

"Vizuri," alisema, akaendelea na maharage yake. Alimpokea yule kuku. Kunilimia hakurudi tena, wala sikuthubutu kumwomba.

Kwa hiyo, mwanangu, kuku wako washike mikononi kila wiki, usiwatazame kwa mbali. Akikonda huku anakula, akipauka kilemba, akiharisha, akisimama peke yake amejikunyata, usingoje afe. Muulize bwana mifugo dawa na kipimo, urudie kwa siku atakazokupangia, hata kama wanaonekana wazima. Banda liwe kavu, na vifaranga usiwachanganye na wakubwa. Na jambo likikuharibikia nyumbani, chunguza kwanza kazi ya mikono yako kabla ya kumnyooshea mtu kidole, hasa mtu ambaye hana pa kwenda kushtaki.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na ulimi mzito wa kulaumu. Akuzidishie mifugo, na kila atakayekufanyia kazi aondoke kwako ameshiba.