Picha ya Mtoto Aliyelala

Dada yangu huuza picha za zamani kwenye meza sokoni Stratford, London. Huzikata kutoka majarida ya familia ya enzi za Malkia Victoria, yale ambayo ndani yake kila shairi lilichorewa picha yake. Picha inauzwa, shairi linatupwa. Mashairi yenyewe hayasomi kamwe. Husema ukisoma, mkono unakuwa mzito. Mwenye kiherehere cha kusoma ni mimi, ninayemsaidia kufunga mizigo ya wateja.

Jumamosi moja akaja mama wa Kihindi kutoka Kingsbury, mjamzito, tumbo limemtangulia. Alitusalimu kwa Kiswahili cha Kisumu, walikotoka wazazi wake. Akachagua picha moja: mama ameinamia kitanda cha mtoto, mtoto kafumba macho, na pembeni herufi mbili za mchoraji, ndogo kama mayai ya chawa.

"Nitaiweka juu ya kitanda ya mtoto wangu," akasema. "Ona vile amelala poa."

Dada akaweka rula, akashika kisu. Mimi nikasoma shairi lililokuwa chini ya picha. Yule mtoto hakuwa amelala. Mchoraji alituhurumia, mshairi hakumhurumia mtu.

Niliogopa kweli. Kwetu Tanga mjamzito hasimuliwi habari za kifo, na Kiswahili, ambacho hapa London ndicho pazia letu, siku hiyo hakikuficha kitu. Nikisema, atasikia. Nikinyamaza, maiti inakwenda kutundikwa juu ya kichanga.

Kisu kilikuwa kimeshagusa karatasi. Nikaweka kidole kwenye ubeti wa mwisho, nusura nikatwe. Dada akanikodolea macho ya hasira, kisha akayashusha, akasoma.

Dada alimzika mwanawe wa kwanza huko Tanga, hata jino hajaota. Tangu tuje Uingereza hajawahi kumtaja mbele yangu, nami sijathubutu kuuliza.

Alisoma polepole hadi mwisho. Akakifunga kisu.

"Samahani, mdogo wangu," akamwambia yule mama. "Hii ina mwenyewe. Chagua nyingine."

Mama wa watu alinuna kidogo, akachukua picha ya mabata. Nikashusha pumzi na kumsifu dada kimoyomoyo kwa uongo wake wa haraka.

Wiki iliyofuata niliingia chumbani kwake, Edmonton, kutafuta pasi. Ukurasa ule ulikuwa ukutani, juu ya kitanda chake, mzima, pamoja na shairi lake.