Rozina na neno la Sista Amparo

Mimi nilimcheka, na sioni sababu ya kuficha. Rozina ndiye mfua nguo wetu hapa nyumba ya masista, nje kidogo ya Sumbawanga. Mimi ni mpishi. Darasa la saba tulimaliza pamoja, na nakumbuka vizuri nani alikuwa ananakili Kiingereza cha nani. Sasa mtu huyo, anakaribia miaka hamsini, anaingia jikoni kwangu ananiambia anajifunza Kihispania. Nikamuuliza, "Mwenzangu, mashuka yamekwisha?" Akanijibu, "Asiyejua maana haambiwi maana," akaondoka na beseni lake.

Sababu ilikuwa Sista Amparo. Alikuja toka Hispania akiwa binti, akawa mkunga huku Ufipa zaidi ya miaka hamsini. Rozina mwenyewe alipokelewa na mikono yake. Kifipa alikisema mpaka wazee wakasahau kwamba ni mzungu. Mwaka jana akapata kiharusi. Mguu mmoja ukafa, na Kiswahili na Kifipa vyote vikafutika. Kikabaki Kihispania, ambacho humu ndani hakuna anayekijua.

Barua ikaja kutoka kwa masista wa kwao Hispania: baada ya miezi mitatu atafika sista mgeni kumtazama, na kama huku haelewani na mtu, atarudishwa Hispania. Hapo nililia, mimi ambaye silii ovyo. Sista Amparo alishatuonyesha zamani mahali anapotaka kuzikwa, nyuma ya ukuta wa kanisa, karibu na akina mama aliowazalisha. Kumpeleka mbali na hapo niliona ni kumzika kabla ya siku zake.

Rozina hakulia. Akaanza na neno moja, lile Sista alilolisema kila tulipotaka kumnyanyua kitandani: espera. Jumapili baada ya misa akaenda kwa miguu mpaka Chanji, kwa Padre Adriano, mstaafu aliyewahi kusoma Hispania. Akarudi, akachukua mkaa, akaandika kwenye ukuta wa jiko langu bila ruhusa: kungoja. Jumapili ya pili akaongeza chini yake: kutumaini. Ya tatu: kumtarajia mtu aje. Nikasema neno hilo linatumikishwa kama dada wa kazi. Akaniambia, "Ndiyo maana siwezi kulijibu harakaharaka."

Na kweli haraka hakuwa nayo. Sista akisema espera, Rozina anashusha mikono, anachuchumaa kando ya kitanda, anamtazama. Kumbe Sista alikuwa anaogopa. Ule mguu ulimfanya ajione anaanguka. Siku moja alingojewa hivyo mpaka uji wangu wa ulezi ukapoa. Kisha akaunganisha viganja, akapiga makofi mawili taratibu, kama mwanamke wa Kifipa anavyosalimia. Maneno yalifutika, mikono ikakumbuka. Rozina akajibu kwa makofi, ndipo akamnyanyua, na ikawa hivyo kila asubuhi.

Mgeni alifika mwezi wa sita, na baridi yetu mnaijua. Anaitwa Sista Marisa, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alipotamka neno la kwanza la kwao, Sista Amparo aling'aa uso mzima. Waliongea kutwa, wakacheka. Nikamtazama Rozina na maneno yake ya mkaa, ambayo sasa yalikuwa yamefika arobaini, nikajua tumeshindwa. Jioni mgeni akatuambia kwa upole, "Kule kila mtu ataongea naye hivi. Nyinyi mnampenda, lakini hapa yuko peke yake." Alisema kweli. Sanduku likapangwa.

Asubuhi mgeni akataka kumnyanyua mwenyewe. Mimi nilikuwa mlangoni na uji. Sista akasema, "Espera." Mgeni akamjibu kwa Kihispania safi, maneno matamu, huku mikono imeshaingia kwapani. "Espera, espera." Alipoinuliwa alipiga ukelele, akaning'inia shingoni mwa mgeni akitetemeka mwili mzima. Mgeni akamrudisha kitandani, naye rangi imemtoka.

Rozina akaingia na mikono ya povu. Akaifuta, akachuchumaa mahali pake. Tukangoja. Mgeni alitazama saa mara moja, kisha akaacha. Uji ukapoa tena. Sista akavuta pumzi, akapiga makofi mawili, Rozina akajibu, na bibi yule akasimama ameshikwa kiunoni bila woga wowote.

Mgeni akabaki amekaa kwenye kitanda kitupu. Akaniuliza, "Neno hili amejifunza kwa muda gani?"

"Miezi mitatu, Sista. Liko ukutani kwangu."

Akaenda kuliangalia. Alikaa kule jikoni muda mrefu, akarudi macho mekundu, akamuuliza Sista Amparo swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: anataka kuishi wapi. Hatukuhitaji mkalimani. Sista alinyoosha kidole dirishani, kwenye ukuta wa kanisa, kisha akamshika Rozina mkono.

Mgeni aliondoka na sanduku moja, la kwake. Nilimwomba Rozina msamaha kwa kile kicheko, akaniambia nikachote maji.

Nyuma ya ukuta wa kanisa, pale Sista alipopachagua, nyasi zimefika magotini. Kijana wa bustani kila mara anauliza kama apafyeke, na kila mara Rozina anamkatalia. Anamwambia hatuna haraka napo.