Ukwaju Kwenye Kabureta

Juma lililopita kijana mmoja wa Majengo aliniletea pikipiki kuukuu ya Kijapani, akaniomba niirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Alifika penyewe. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza wa mtaa wetu, hapa Mji wa Kale, kupata stashahada ya ufundi wa mitambo. Niliihangaikia ng'ambo, mchana nafua nguo za watu, jioni nasoma, wala hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono. Nimefungua injini za meli mimi. Lakini nilipoishika kabureta ya pikipiki ile, kile chombo kidogo cha kuchanganya petroli na hewa, niliirudisha mezani, nikaenda kunywa maji. Sababu yake sijapata kumwambia mtu. Wewe nitakwambia.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mpya, nami nina miaka tisa. Baba alikuwa fundi wa kufuli na masanduku ya mbao yaliyopigiliwa njumu za shaba. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha nyumba yetu, mlango wake watazama kichochoroni. Juu kulikuwa na bibi, mamake baba, na harufu ya mahamri yake. Chini, tupa ikikereza shaba tangu asubuhi. Nje, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake kwenye baraza. Lakini watu walikuwa wameanza kununua makabati, na masanduku ya baba yakakaa hadi yakashika vumbi.

Ndipo ikaletwa pikipiki ile, juu ya mkokoteni. Mwenyewe alikuwa mkubwa mmoja wa serikali, akikaa Kizingo, mtaa wa wakubwa, naye alikuwa amesikia sifa za mikono ya baba. Ilikuwa ya mwanawe aliyekwenda kusoma ng'ambo, na miaka yote hiyo ilisimama nje ikiliwa na hewa ya chumvi. Sasa kijana alikuwa yuaja.

"Fundi, nataka kila kitu chake chenyewe," alisema yule mkubwa. "Kiraka sitaki."

"Bwana, mwanao ataiona kama kwamba aliiacha jana," baba akamjibu.

Alipoondoka, muuza kahawa alichungulia mlangoni. "Fundi, sanduku hilo lina magurudumu. Lisije likakukimbia!"

"Likikimbia ndiyo nimelitengeneza!" alisema baba, na baraza zima likacheka.

Hakucheka sana. Alimwambia bibi kuwa kazi ile ndiyo mlango: akifaulu, watu wa Kizingo watamletea mitambo yao, asipofaulu, atabaki na masanduku yasiyo na mnunuzi. Basi aliifungua pikipiki ile kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Kila parafujo aliifunga uzi na kuichora kwenye karatasi. Tangi alilitia dawa ya kutu na vijiwe, tukalitikisa mimi na yeye hadi mabega yakatuuma. Spoku za magurudumu zilinihusu mimi. Nilizisugua moja moja.

Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, baba alitoka kwenda kutafuta mpira wa breki. Kabureta aliiacha kwenye bakuli la mafuta ya taa, uchafu wake ulainike. Niliitazama, nikaiona imefubaa. Kila ikikaribia Idi bibi alikuwa akinipa masinia na mabuli ya shaba niyasugue kwa ukwaju na chumvi mpaka nione meno yangu ndani yake, na mtaa mzima ulijua kuwa mkono wangu una baraka. Nikadhani kabureta nayo ni jamaa ya shaba. Niliyamwaga mafuta ya taa, nikatia ukwaju, chumvi, na ndimu mbili, nikalisukuma bakuli nyuma ya mlango. Mapovu yalipopanda nilifurahi. Niliona uchafu watoka.

Asubuhi ya Ijumaa, baba angali kwenye sala ya alfajiri, niliitoa ikiwa nyeusi kama tako la chungu, imejaa vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Madini yale yalikuwa zinki, na zinki huliwa na asidi. Hilo nilifundishwa muhula wa kwanza kule ng'ambo, na siku hiyo niliomba ruhusa nikatoka darasani.

Niliiosha, nikairudisha kwenye mafuta ya taa, nikapanda juu kujificha nyuma ya magunia ya mchele.

"Wewe, waumwa?" bibi aliuliza. "Mbona chai hunywi?"

"Siumwi."

Baba alirudi kutoka msikitini. Nilisikia mlango wa karakana, halafu spana ikianguka. Halafu kimya. Si tupa, si nyundo. Kile kimya ndicho kilichonitisha kuliko fimbo. Nilingoja kuitwa jina langu. Sikuitwa.

Wakati wa chakula baba alisema, "Ni ile dawa ya kutu, mama. Bakuli ni lile lile nililochanganyia dawa, na sikuliosha vyema. Kabureta nimeiharibu kwa mikono yangu."

"Si utatafuta nyingine?"

"Ya namna ile haiji tena."

Niliikalia mikono yangu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alituambia kuwa Siku ya Kiyama kinywa hufungwa, mikono ikasema yenyewe. Yangu niliona haitangoja siku hiyo. Ilikuwa yanuka ukwaju.

Baba alipata kabureta ya pikipiki nyingine, akaichonga ikakaa. Injini iliwaka. Siku ya kuipeleka aliniambia, "Ndoo, mwanangu, twende ukaone majumba ya Kizingo." Leseni hakuwa nayo, basi tuliisukuma. Tulipita Ngome ya Yesu mimi nikiomba gurudumu lipasuke, turudi nyumbani. Mara tatu nilifungua kinywa niseme, "Baba, ni mimi." Mara ya tatu aligeuka.

"Wataka nini? Una kiu?"

Nikasema ndiyo. Akaninunulia dafu, nikalinywa lote, silisikii ladha.

Yule mkubwa aliizunguka pikipiki mara moja, akainama, akaigusa kabureta. "Hii si yake."

"Yake nimeiharibu mimi, Bwana. Dawa ilikuwa kali."

Nilishika kanzu ya baba kwa nguvu. Nilingoja makelele. Yule mtu hakupaza sauti.

"Niliambiwa wewe ni fundi," alisema. "Kumbe ni mpigilia misumari." Akamwita bawabu aisukume nyuma ya nyumba, isionekane.

Njiani baba aliona bado nimeishika kanzu yake. "Usiogope," aliniambia. "Si wewe uliyekosa."

Tangu siku hiyo hakuigusa injini tena. Pale barazani wenziwe walimtania kwa mambo yote isipokuwa hilo.

Miaka mingi baadaye nilirudi na stashahada yangu. Baba alikuwa mzee, macho yameingia ukungu. Aliniita mlangoni, akainyanyua karatasi ile watu wote wa baraza waione. "Huyu hataharibu mashine ya mtu kama babake!" alisema, naye amefurahi kweli kweli. Wakacheka. Muuza kahawa akanipa kikombe cha kwanza mimi, kabla ya wanaume. Nami nikacheka. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, na nikaogopa vile vile nilivyoogopa nyuma ya magunia. Nilijiambia nitamwambia kesho, tukiwa wawili. Ramadhani iliyofuata haikumkuta.

Siku hizi karakana zote za kichochoro chetu zauza vinyago kwa watalii. Tupa haisikiki tena, na baraza wamelikalia paka. Mitambo nimetengeneza mingi, na wengi wamenisifu hadharani. Aliyestahili kuambiwa neno moja na mimi alikwenda kaburini akiamini kwamba hakuwa fundi.