Alimiliki Vyote Isipokuwa Bastola

Mwenye nyumba wetu wa Mabibo alikuwa mtu wa kumiliki. Bomba langu, choo changu, kamba yangu ya kuanikia. Hata kivuli cha ukuta wake ukikikalia sana alikukumbusha ni cha nani. Kilichompa raha kuliko vyote ni stoo ya uani. Ufunguo wake aliuvaa kiunoni, na mpangaji akitaka jiko lake la mkaa alipiga hodi, akaamkia, akasubiri bwana mkubwa amalize chai.

Mama yangu alihifadhi mle sufuria lake la shughuli, lile kubwa lililoazimwa mtaa mzima kwa harusi na misiba. Kitako alikipaka rangi nyekundu ya kucha, kama wanavyofanya wanawake wote, maana sufuria likienda kwenye pilau la watu bila alama, ndiyo basi tena.

Asubuhi moja walikuja polisi pamoja na mjumbe, wakapekua nyumba nzima. Ndani ya sufuria hilo wakakuta bastola imeviringishwa kwenye tambara. Wakauliza sufuria la nani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mwenye nyumba akagundua kwamba ndani ya nyumba yake kuna kitu kisicho chake. Aliliinamisha mwenyewe, akawaonyesha ile rangi. Mama, asiyejua kusema uongo wala kunyamaza, akajibu kwamba ni lake. Wakamchukua.

Nilimchukia yule mzee, na nikawachukia askari na hesabu zao: sufuria la mama, basi na kilichomo ni cha mama. Kwa akili hiyo, mende wote wa stoo ile walikuwa ndugu zetu wa damu.

Dhamana haikupatikana, mama akasota mahabusu. Wakili akatueleza kwamba kisheria, silaha kukutwa kwenye chombo chako hakutoshi kukufanya mmiliki wake. Lazima uwe unajua ipo, na uwe na mamlaka nayo. Mama hakujua. Hayo ya mamlaka, wakili alisema, tumwachie mwenye nyumba ayaseme kwa kinywa chake.

Alifika mahakamani kama shahidi wa mashtaka, kanzu imenyooshwa pasi, bashasha tele. Nilimwamkia kwa mazoea tu. Wakili wetu hakumgombeza. Aliisifia nyumba, kisha akamuuliza kwa upole kama si kweli kwamba stoo ile ilikuwa kama barabara, wapangaji wakiingia na kutoka wapendavyo.

Angejibu ndiyo tu, angerudi kwake kula ubwabwa, na mama yangu angeozea ndani. Lakini nilimwona anavimba.

"Stoo yangu mie? Mle haingii hata sisimizi bila ruhusa yangu. Funguo ni moja tu, na ninayo mwenyewe."

Akauchomoa kiunoni, akamwonyesha hakimu.

Mama aliachiwa. Mwenye nyumba walimkamatia pale pale nje ya mahakama. Sufuria halijarudi mpaka leo, sasa ni kielelezo kwenye kesi yake, na wanaokuja kuliazima mama huwaelekeza polisi. Nasikia katika utetezi wake, mzee anasema stoo ile ilikuwa yetu sote.